Kabla Hujatoa Milioni Tatu kwa Simu, Njoo Tupige Hesabu

Leo tuzungumze habari ya simu, maana swali hili naulizwa kila toleo jipya linapotoka. Anauliza mwanafunzi wa chuo anayesubiri boom, yaani mkopo wake wa masomo, liingie. Anauliza fundi cherehani anayeuza magauni yake Instagram. Anauliza binti aliyepata ajira juzi na anataka na yeye ashike iPhone ya macho matatu kama wenzake wa ofisini. Wote wanataka kujua jambo moja: dada, hii simu ninunue au niache?

Niseme wazi, sina ugomvi na simu nzuri. Simu siku hizi ndiyo benki yetu, ndiyo duka, ndiyo albamu ya picha za watoto. Ukitamani iliyo bora hujakosea kitu. Ninachokukataza ni kutoa pesa kabla hujapiga hesabu, na hesabu yenyewe siyo ngumu. Tuipige pamoja.

Anza na simu iliyo mkononi mwako. Ina ugonjwa gani? Utaje. "Imechoka" siyo ugonjwa. Kama chaji haifiki jioni, mgonjwa ni betri, na betri hubadilishwa. Wenye iPhone, ingieni kwenye mipangilio mtazame afya ya betri: ikiwa chini ya asilimia 80, hata Apple wenyewe wanakushauri ubadilishe betri. Kama simu inakwamakwama, tazama nafasi iliyobaki. Mara nyingi imejaa video za magrupu ya WhatsApp ambazo hukuziomba wala hutazitazama tena. Kama picha zina ukungu, toa kava, futa lenzi kwa kitambaa laini, kisha piga tena. Magonjwa haya yote dawa yake ipo kwa fundi au mikononi mwako.

Ugonjwa usio na dawa ni mmoja: simu kuachwa na kampuni iliyoitengeneza, isipate tena masasisho ya programu na ya usalama. Simu ya namna hiyo huwaka vizuri tu, lakini siku moja programu muhimu zinaikataa. Mwaka 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye iPhone 5s, iPhone 6 na 6 Plus, na waliokuwa bado wanazitumia hawakuwa na njia nyingine ila kubadilisha simu. Simu inayopitisha pesa zako ikifika hapo, una sababu halali ya kununua nyingine. Bado hatujasema inunuliwe ipi.

Sasa tuitazame simu ya daraja la juu kwa karibu, tusibabaishwe na tangazo. Nachukua Samsung Galaxy S25 Ultra, kwa sababu naulizwa sana juu yake. Ilizinduliwa tarehe 22 Januari 2025 kwa bei ya dola 1,299 huko Marekani, bei ileile ambayo S24 Ultra ilianza nayo mwaka uliotangulia. Kwa shilingi za Tanzania hizo ni zaidi ya milioni tatu. Ziweke mezani S23, S24 na S25 Ultra. Betri ya zote tatu ni mAh 5,000. Zote zinachaji kwa wati 45. Kamera kuu ya zote ni megapikseli 200. Kilichobadilika ni nini? S25 Ultra ina gramu 218 wakati S24 Ultra ina 232, kwa hiyo ni nyepesi kidogo mkononi. Prosesa yake ni ya kasi zaidi. Kamera ya kupiga eneo pana imepanda kutoka megapikseli 12 hadi 50. Na kuna kilichopungua: kalamu yake haina tena Bluetooth. Kwenye S24 Ultra unaiegesha simu, unasimama na familia, unabonyeza kalamu ukiwa mbali na picha inapigwa. Kwenye S25 Ultra kalamu ni ya kuandikia na kuchorea tu.

Umeona? Aliye na S23 au S24 Ultra akauza kwa hasara ili apate S25, kanunua wepesi wa gramu chache na kasi ambayo huenda asiihisi. Mwenye simu ya miaka mitano nyuma ndiye atakayeona tofauti kubwa. Kwa hiyo ukisikia toleo jipya, usililinganishe na matamanio yako. Lilinganishe na toleo la mwaka uliopita, kisha na simu uliyonayo, kipengele kwa kipengele.

Hiyo megapikseli 200 nayo tuielewe. Usipobadilisha mpangilio wowote, simu hizo hutoa picha ya megapikseli 12, kwa sababu huunganisha nukta 16 kuwa moja ili picha iwe safi zaidi kwenye mwanga mdogo. Halafu ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida, picha inabanwa tena ili isile bando. Fundi cherehani wangu, mteja wako wa Mwanza hazioni megapikseli 200. Anaona kama rangi ya kitenge ni yenyewe na kama mshono umenyooka. Jaribu hivi: tundika gauni karibu na dirisha asubuhi, zima taa ya ndani, futa lenzi, piga kwa simu uliyonayo, kisha tuma kwa ubora wa HD au kama dokumenti. Ongeza taa ya duara na stendi ya kuegesha simu. Ukishafanya hayo yote na picha bado haikuridhishi, hapo tunaweza kuzungumzia kamera ya bei kubwa.

Tuje kwenye kiini cha ushauri wangu: ukinunua simu ya daraja la juu, unanunua miaka. Samsung waliahidi miaka 7 ya masasisho kwa S24 na S25. S23 waliiahidi matoleo manne ya Android na miaka mitano ya usalama. Na hapa wengi wanateleza: miaka hiyo inahesabiwa tangu simu ilipotoka, haihesabiwi tangu wewe ulipolipa. S23 ilitoka Februari 2023, basi usalama wake unaishia 2028. Ukiinunua leo, hata kama iko mpya kwenye boksi, unanunua miaka iliyobaki tu. S25 inakwenda hadi 2032. Kabla hujauliza bei, uliza simu ilitoka lini na imebakiza miaka mingapi.

Chukua kalamu sasa. Tuseme simu ya daraja la juu umeipata kwa shilingi 3,200,000. Ukae nayo miaka 6, na katikati ubadilishe betri kwa 200,000. Jumla 3,400,000, ukigawa kwa miezi 72 ni kama shilingi 47,000 kwa mwezi. Mwenzako kanunua hiyohiyo, baada ya miaka 2 kaiuza nusu bei ili achukue toleo jipya. Amepoteza 1,600,000 kwa miezi 24, karibu 67,000 kwa mwezi. Wa tatu kachukua simu ya kati ya 1,200,000, kakaa nayo miaka 4. Kwake ni 25,000 kwa mwezi. Bei za dukani zitakuwa tofauti na hizi za mfano, weka zako, lakini mpangilio wa hesabu ni huohuo.

Baina ya wa kwanza na wa tatu pana shilingi 22,000 kila mwezi. Swali langu kwako ni hili tu: simu ya bei kubwa itakuletea 22,000 za ziada kila mwezi, ambazo simu ya kati isingekuletea? Mpiga video za harusi anayerekodi usiku ukumbini, mwandishi wa habari anayetuma picha kutoka tukioni, anayehariri video za wateja kwenye simu: hawa jibu lao laweza kuwa ndiyo, na wakinunua wamenunua kitendea kazi. Kama kazi yako na simu ni WhatsApp, kutuma na kupokea pesa, kutazama TikTok na kupiga picha za watoto, simu ya kati inakutosha na pesa inabaki. Galaxy A56 iliyotoka Machi 2025 iliahidiwa miaka 6 ya masasisho, na bei yake Marekani ilikuwa dola 499. Usiidharau.

Pesa yenyewe inatoka wapi? Hapa nakuwa mkali kidogo, mnivumilie. Mwanafunzi, boom ni chakula, chumba na vitabu, na ni deni utakalolilipa kwenye mshahara wako. Usilifanye simu. Na wewe unayevutwa na mkopo wa kulipa kila siku, jumlisha kabla hujasaini. Tuseme kianzio ni 600,000 na kila siku 10,000 kwa mwaka mzima. Hiyo ni 3,650,000 juu ya kianzio, jumla 4,250,000 kwa simu ya 3,200,000. Milioni moja na ushee imekwenda, na ukikosa kulipa simu inafungwa na namba za wateja wako zimo ndani. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, sitaki hata kuisikia ikitajwa pamoja na simu. Kama kweli unaitaka, cheza mchezo wa kupeana pesa kwa zamu na wenzako, zamu yako ikifika nunua taslimu. Hela ya ada, ya kodi ya nyumba na ya mtaji isiguswe.

Na binti unayeahidiwa simu na mwanaume, nisikilize mimi dada yako. Zawadi ipokee kwa moyo mweupe ikiwa inatolewa kwa moyo mweupe. Lakini akianza kudai nywila yako, kukagua meseji zako, au kukukumbusha ile simu kila mnapokosana, mrudishie. Simu ya kati uliyoinunua kwa jasho lako itakupa usingizi.

Ukishaamua kununua, nunua kwa akili. Samsung huzindua simu zake za Galaxy S mwanzoni mwa mwaka, Apple mwezi Septemba. Toleo jipya likiingia, la mwaka uliopita bei yake hushuka. Hapo ndipo pa kuvizia, maana unapata karibu kila kitu na unapoteza mwaka mmoja tu wa masasisho.

Dukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, usione haya kukagua. Bonyeza *#06# upate namba ya IMEI, ilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi. Kwa Tanzania itume kwenda 15090, kwa Kenya itume kwenda 1555, usome jibu linasemaje juu ya aina ya simu. Weka laini yako, piga, sikiliza. Fungua ukurasa mweupe utazame kama kioo kina mstari au doa. Kama ni used, hakikisha akaunti ya Google au iCloud ya mwenye simu wa awali imeondolewa mbele ya macho yako. Akikuambia atakupigia baadaye akupe nywila, rudisha simu, shika pesa yako.

Unayetegemea ndugu akuletee kutoka Marekani, jua kwamba iPhone zinazouzwa huko tangu iPhone 14 ya mwaka 2022 hazina sehemu ya kuweka laini. Zinatumia eSIM peke yake. Ulizia kwanza kwenye mtandao wako kama wanakupa eSIM. Kumbuka pia kwamba simu nyingi za daraja la juu haziji na kichwa cha chaja, wala Galaxy S hizi hazina sehemu ya memori kadi. Ongeza bei ya chaja halisi, kava na protekta kwenye bajeti. Halafu mpitie fundi unayemwamini umuulize kioo cha simu hiyo anabadilisha kwa shilingi ngapi. Kama jibu lake linakutisha, simu hiyo bado haijafika kwenye uwezo wako. Na risiti ya EFD idai, pamoja na maandishi ya dhamana, maana bila hivyo huna pa kusimamia simu ikileta matatizo.

Basi hukumu yangu ni hii, wadogo zangu. Kama simu yako bado inapata masasisho na ugonjwa wake unatibika, itibu, usinunue. Kama simu inakuingizia pesa na hii mpya itakuongezea, nunua taslimu, ikiwezekana ya mwaka uliopita, na ukae nayo miaka sita. Kama pesa ni ya kukopa, au unanunua ili watu wakuone, acha. Usiku wa leo kaa na karatasi, andika bei, gawa kwa miezi utakayokaa na simu hiyo, kisha niandikie uniambie umepata ngapi.