Usitafute Draiva kwa Jina la Boksi

Muhula uliopita, siku mbili kabla ya kuwasilisha projekti ya mwaka wa tatu, Wi-Fi ya laptopu ya mwenzangu wa chumba ilikufa. Kazi yetu yote ilikuwa humo, na onyesho lilihitaji mtandao. Bumu lilishakatika, tukachangachanga tukanunua adapta ya USB mjini. Tukachomeka. Kimya.

Mimi nikajifanya fundi. Nikaingia mtandaoni kwa simu, nikatafuta draiva kwa jina lililoandikwa kwenye boksi, nikashusha kodi yake, nikaikompaili kwa saa tatu, kisha nikapiga modprobe. Hakuna kosa hata moja lililotokea kwenye skrini. Nikashangilia kama timu imefunga. Mtandao je? Hakuna.

Kwenye somo la mifumo endeshi jambo hili tulilipita kwa slaidi moja tu: keneli haijui majina ya madukani. Inajua namba.

Unapochomeka kifaa cha USB, keneli ya Linux inakiuliza kwanza wewe ni nani. Kifaa kinajibu kwa kipande cha data cha baiti 18, na ndani yake mna namba mbili zinazotuhusu: ya mtengenezaji na ya bidhaa. Kila moja ina biti 16 na huandikwa kwa tarakimu nne za heksadesimali. Mfano ni 0cf3:9271, ambapo 0cf3 ni Atheros na 9271 ni chipu yao ya AR9271. Piga lsusb kwenye teminali uone za kwako. Kwa vifaa vya PCI vilivyo ndani ya mashine, piga lspci -nn.

Kwa kila njia ya kuunganishia vifaa (huitwa basi, na hapa sisemi daladala) keneli inatunza orodha mbili. Moja ni ya vifaa vilivyopo, nyingine ni ya draiva zilizojiandikisha. Kifaa kipya kikiingia, keneli inapitia orodha ya draiva. Draiva mpya ikijiandikisha, inapitia orodha ya vifaa. Kwa hiyo haijalishi nani katangulia. Kila draiva inakuja na jedwali la namba inazozihudumia. Namba zikifanana, keneli inaita kazi ya draiva iitwayo probe. Hapo draiva inakigusa kifaa chenyewe, inakikagua, na ikiridhika inarudisha sifuri: ndoa imefungwa. Isiporidhika inarudisha kosa, na posa imekataliwa.

Sasa utaona nilipokosea. modprobe iliingiza draiva yangu kwenye kumbukumbu, draiva ikajiandikisha, keneli ikapitia vifaa vyote, haikukuta namba iliyomo kwenye jedwali lake, ikanyamaza. Kwa keneli hilo si kosa. Ni kama msimamizi wa mtihani aliyefika kwenye chumba kisicho na mtahiniwa hata mmoja. Anakaa tu. Ukitaka kujua kama kifaa kina mwenyewe, usiangalie lsmod peke yake, piga lsusb -t uone jina la draiva limeandikwa mbele ya kifaa chako au la.

Na boksi linadanganyaje? Chukua TP-Link TL-WN722N, adapta inayojulikana sana. Toleo la kwanza lina chipu ya Atheros AR9271 na linahudumiwa na draiva ya ath9k_htc. Toleo la pili lina jina lilelile, lakini ndani kuna chipu ya Realtek, na namba yake ni 2357:010c. Ni vifaa viwili tofauti kabisa mbele ya keneli. Ukifuata maelekezo ya mtu mwenye toleo la kwanza huku wewe una la pili, utakesha.

Jambo la pili ambalo sikulijua: mara nyingi huhitaji kushusha chochote. Keneli ikikuta kifaa kipya inatoa tangazo lenye zile namba zilizopangwa kwenye mstari mmoja. Programu ya udev inalipokea na kutafuta kwenye faili la modules.alias ni moduli ipi imejitaja kwa namba hizo. Faili hilo unaweza kulisoma mwenyewe:

grep -i v0cf3p9271 /lib/modules/$(uname -r)/modules.alias

Weka namba za kifaa chako mahali pa hizo. Hiyo -i usiisahau, kwa sababu lsusb inaandika herufi ndogo na faili linaandika kubwa; niliisahau nikadhani dunia imeisha. Usipopata jibu, usikate tamaa haraka. Flashi na kipanya hupatanishwa kwa aina ya kazi yao, si lazima kwa namba ya mtengenezaji, ndiyo maana flashi ya kampuni usiyoijua inafunguka papo hapo.

Vile vimodemu vya zamani vya laini ya simu navyo vina kituko chao. Vingi vikichomekwa hujitambulisha kwanza kama CD yenye programu ya Windows. Huawei kadhaa huonekana kama 12d1:1446. Keneli inaamini, inakipa draiva ya diski. Mpaka programu ya usb_modeswitch ikiambie kibadilike, kisha kinajitoa na kurudi na namba nyingine ya bidhaa, na kupatanisha kunaanza upya.

Turudi chumbani. Saa nane usiku ndipo nikapiga lsusb. Chipu ilikuwa ya kampuni nyingine kabisa, siyo ile niliyoikompailia draiva. Nikapiga grep, jibu likaja: draiva yake imo kwenye keneli tangu mwanzo. Kumbe namba zilishafanana na probe ilishaitwa. Nikapiga dmesg, nikaona mstari unaosema faili la famwea limeshindwa kupakiwa, kosa -2. Maana yake faili halipo. Famwea ni programu inayoendeshwa ndani ya kifaa chenyewe, na baadhi ya matoleo ya Linux hayaji nayo kwa sababu za leseni. Hata draiva iliyo sahihi haina la kufanya bila hiyo.

Tukamwamsha jirani, tukashusha kifurushi cha famwea kwenye mashine yake, tukakihamisha kwa flashi. Nikachomoa adapta, nikachomeka tena. Taa ikaanza kupepesa. Draiva yangu ya saa tatu bado ilikuwa kwenye kumbukumbu, haina kifaa. Nikaitoa kwa rmmod, tukaenda kulala.