Mzigo Usiofunguliwa
Somo juu ya mafundisho yasiyotaja asili yake



Jina la Kariakoo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi katika vita vya 1914–1918. Wapagazi wale hawakuulizwa kama wataka kujua kilichomo ndani ya masanduku. Kazi yao ilikuwa kubeba. Leo mahali pale pale ni soko, na desturi yake ni nyingine. Mama anunuaye mchele hutia mkono mpaka ndani ya gunia, akauliza umetoka wapi, ni wa mwaka huu au wa zamani; wala mwuzaji mwaminifu hachukii. Somo letu ni hili: tuitwapo kwenye mafunzo ya tabia na ya roho yaletwayo kwa jina la kazi au la serikali, tuwe kama mnunuzi yule, tusiwe kama mpagazi.

Masomo: 1 Yohana 4:1, Matendo 17:11.

1. Chama kilichobadili majina

Frank Buchman alizaliwa Pennsylvania, Marekani, mwaka wa 1878, akabarikiwa kuwa mchungaji wa Kilutheri mwaka wa 1902. Basi habari hii ni ya nyumbani kwetu. Aliwafundisha watu kupima maisha yao kwa vipimo vinne: unyofu kamili, usafi kamili, kutojipendelea kamili na upendo kamili. Aliwafundisha kunyamaza asubuhi, kungoja uongozi wa Mungu na kuuandika katika daftari. Tena kuungamiana dhambi mtu na mwenzake. Mwaka wa 1928, vijana wake waliposafiri Afrika Kusini, waliitwa Oxford Group. Mwaka wa 1938 Buchman alitangaza London jina jipya, Moral Re-Armament, yaani kujivika tena silaha za tabia njema. Alikufa 1961, na mwaka wa 2001 chama kikajiita Initiatives of Change. Kila jina jipya lilikuwa mbali zaidi na lugha ya kanisa, na karibu zaidi na lugha ya ofisi.

2. Kambi ya Athi River

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitangaza hali ya hatari kwa ajili ya Mau Mau. Maelfu ya watu waliwekwa makambini bila kuhukumiwa. Mkuu wa kambi ya Athi River, karibu na Nairobi, Alan Knight, alikuwa mfuasi wa Moral Re-Armament, na mafundisho ya chama yalitumiwa humo ili kuwageuza wafungwa. Serikali ilitaka watu waungame kiapo walichokula. Chama kilitaka waungame dhambi zao. Maungamo ya namna mbili yakakaa chumba kimoja, na aliyefungwa hakuweza kuyatenga. Wamisionari wa makanisa nao walifundisha katika kambi ile. Kwa hiyo haitupasi kuwanyoshea wengine kidole.

Wako waliosema baadaye kwamba mioyo yao iligeuka kweli. Tusiwakatalie, Roho huvuma apendako. Lakini mtu aliyezungukwa na seng'enge, aambiwapo kwamba akiungama atafunguliwa, nani atajua kama amesema na Mungu au amesema na mlango?

3. Katika makampuni

Tangu 1946 chama kiliwakutanisha wenye viwanda na viongozi wa wafanyakazi huko Caux, katika milima ya Uswisi. Mwaka wa 1986 palianzishwa huko baraza la wenye biashara, Caux Round Table, na mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Frits Philips, wa kampuni ile iliyouza redio na taa hata Afrika Mashariki. Mwaka wa 1994 baraza lilitoa kanuni za biashara njema, juu ya heshima ya mtu na kuishi pamoja kwa faida ya wote. Asili hiyo haikufichwa kwa hila, atafutaye ataiona. Lakini karani asomaye kanuni hizo darasani hawezi kuijua asipoambiwa.

Wako wengine ambao gunia lao lafaa kuchunguzwa zaidi. Wafuasi wa L. Ron Hubbard waliandikisha kanisa lao la Scientology huko Marekani katika miaka ya 1953 na 1954. Mwaka wa 1979 walianzisha WISE, chama kitoacho ruhusa ya kutumia njia zake za uongozi katika makampuni; na kijitabu chake cha maadili cha 1981, The Way to Happiness, hugawanywa kama kitabu kisicho cha dini. Mtu hupokea kwanza shauri la kazi. Jina la kanisa huja nyuma.

4. Ubaya uko wapi?

Hauko katika unyofu wala usafi; haya ni mema, ajapoyataja nani. Ubaya ni wa namna mbili. Kwanza, asiyejua asili ya fundisho hawezi kulikubali wala kulikataa kwa hiari. Pili, Ungamo la Augsburg la 1530, katika sehemu ya 11, latufundisha kushika maungamo ya faragha, wala halimlazimishi mtu kuhesabu dhambi zote. Maungamo ni dawa, si kodi. Mwenye ufunguo wa gereza au wa mshahara akiwa ndiye msikilizaji, maungamo hugeuka kuwa ushahidi, na siri ya moyo huwa mali ya bwana mkubwa.

5. Shauri kwa washarika

Ukiitwa semina, enda, ujifunze hesabu na uangalifu wa kazi. Uliza kwa adabu: nani ameandika mafundisho haya, na fedha zatoka wapi? Wakitaka ufunue dhambi zako mbele ya mkubwa wako, waweza kukataa kwa upole. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 19, yalinda uhuru wa imani. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 yakataza ubaguzi kwa ajili ya dini.

Nasi tujipime. Shule na hospitali zetu zitangaze wazi jina la kanisa mlangoni, na mgonjwa asidaiwe sala kabla ya kupewa dawa. Anayetaka kuulizwa asili ya mchele wa wengine, na aweke gunia lake wazi.

Maswali ya kuzungumza

1. Waberoya walifanya nini walipohubiriwa na Paulo, naye aliwachukia?
2. Kuna tofauti gani kati ya kuungama kwa mchungaji na kuungama kwa mwajiri?
3. Katika usharika wetu, je, liko fundisho tunalolibeba bila kulifungua?