Honi ya Gari katika Somo la Umeme

Honi ya Land Rover ya zamani ikinyamaza hapa Puge, tuitumie kufundishia mzunguko wa umeme. Swichi iwashwe, injini izimwe. Tuchukue balbu ya volti 12 yenye nyaya mbili: mmoja ushikizwe kwenye bodi, wa pili uguse betri, fyuzi, kisha honi. Balbu isipowaka, hitilafu ipo kati ya hapo na ilipowaka mwisho.

Ikiwaka hadi kwenye honi, tuunganishe upande wa pili wa honi na chuma kitupu cha bodi, pale ambapo kitufe ndicho hufunga njia ya kurudi. Ikilia, honi ni nzima. Kosa ni la kitufe au waya wake, pengine kutu tu. Honi mpya kutoka Nzega isingelia pia.

Kila hatua wanafunzi watabiri kwanza, ndipo wapime. Mwalimu asitangulie kutaja jibu.