KOO MOJA, NJIA MBILI

Wanafunzi wenzangu, tunapokataza mtu kuzungumza na tonge la bugali mdomoni, wengine wanafikiri ni ukali tu wa sisi wa darasa la sita. Hapana, ni maneno ya mwili.

Nyuma ya ulimi, pumzi na chakula vinapita njia moja. Chini kidogo inagawanyika: mbele ni njia ya pumzi, nyuma ni umio unaoshuka tumboni. Kwa hiyo kila tonge linapita juu ya mlango wa pumzi. Ginsi gani halianguki ndani?

Weka kidole juu ya kongomeo, umeze mate. Umesikia linapanda? Linapanda na kwenda mbele, linajificha chini ya shina la ulimi. Wakati uleule kifuniko kidogo kiitwacho epigloti kinalala juu ya mlango, na ndani kamba za sauti zinafungana. Pumzi inasimama kwa muda usiopita sana sekunde 1, halafu mara nyingi tunaitoa nje kwanza. Sasa, kamba hizo ndizo tunazosemea. Anayecheka ao kusema anafungua mlango, njo maana sombe inampalia.

Na kilimi, kile kinyama kinachoning'inia? Kiswahili kinakiita pia kidakatonge. Jina zuri, lakini hakidaki tonge. Kinapanda pamoja na kaakaa laini kuziba njia ya pua, basi. Wanaokikata kwa watoto juu ya kikohozi wanaleta damu na vidonda bure.

Jambo kubwa ni hili: ulinzi huu wote unaongozwa na ubongo. Mtoto mwenye degedege ya malaria, ao mtu aliyezimia, hana tena. Mkimmiminia maji ao dawa mdomoni, yanaweza kushuka mapafuni. Mlalisheni kwa ubavu, kisha mbio kwa kituo cha afya.

Aliyepaliwa akikohoa, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa na kusema, mwinamishe, umpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5. Haikutoka? Simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, vuta kwa nguvu ndani na juu mara 5. Mtoto asiyefikisha mwaka 1, tumbo hapana: mpige mgongoni vilevile, kisha sukuma kifua kwa vidole viwili. Rudilia mpaka kitoke. Usingoje gari la Bukavu. Ubongo bila pumzi unaanza kuharibika kisha dakika chache tu.