Angani nako tutakuwa wapangaji?



Sisi wakazi wa mjini tunaijua vizuri kadhia ya mwenye nyumba na mpangaji. Mwenye nyumba ndiye mwenye masharti. Mpangaji hata akilipa kwa wakati, hubaki mpangaji. Sasa kadhia hiyo inahamia anga za juu.

Mwaka 1999 Robert Bigelow, tajiri wa Marekani aliyechuma kwa nyumba za kupangisha, alianzisha kampuni ya kujenga makazi angani. Ilirusha vyombo viwili vya majaribio, mwaka 2006 na 2007, na mwaka 2016 chumba chake cha kujazwa hewa kiliunganishwa na Kituo cha Kimataifa cha Anga. Mwaka 2020 iliwaachisha kazi wafanyakazi wake wote. Lakini wazo halikufa. Marekani inapanga kuacha kukitumia kituo hicho mwaka 2030, na kampuni kama Axiom Space zinaandaa vya kwao.

Je, Waislamu tuko wapi? Mwaka 2007 Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alirushwa kwenda kituoni katika mwezi wa Ramadhani. Huko jua huchomoza mara 16 kwa siku, kwani kituo huizunguka dunia kila dakika 90 hivi. Maulamaa wa nchi yake walishaandaa mwongozo: swala ni tano ndani ya saa 24, kwa nyakati za mahali aliporukia, na kibla kwa kadiri ya uwezo. Fiqhi haikushindwa. Mwaka 2023 wakafuata Rayyanah Barnawi na Ali Alqarni wa Saudi Arabia, katika safari iliyoandaliwa na Axiom.

Alhamdulillah. Ila chombo kilikuwa cha nani? Yule alipanda cha Warusi, hawa cha kampuni ya SpaceX ya Marekani. Wote walikuwa abiria.

Mkataba wa Kimataifa wa mwaka 1967 unakataza dola yoyote kujimilikisha anga za juu. Lakini kituo chenyewe ni mali ya aliyekijenga, na masharti ni yake.

Siwalaumu waliojenga, wametumia akili na mali zao. Najilaumu mimi na wenzangu. Msikitini tunachangia mazulia na vipaza sauti, na ni kheri. Lakini ni lini mara ya mwisho tulichangia maabara ya shule yetu, au ada ya kijana aliyefaulu fizikia? Tukianzia hapo, huenda wajukuu zetu wakaingia huko na funguo zao mkononi.

Wabillahi tawfiq.