Mchanga hauchuji kila kitu

Msomaji, kama unaishi Kisauni, Likoni au kwingineko Pwani ambako kisima ndicho mkombozi mifereji inapokauka, huenda umewahi kuambiwa kwamba maji ya kisima ni safi kwa sababu mchanga umekwisha kuyachuja. Maneno hayo yana ukweli, lakini si ukweli wote.

Chukua mfano wa masizi ya sufuria. Ukiyakwangua na kuyatia majini, mengi huelea au hushikamana mabonge mabonge, na ukiyamimina kwenye mchanga hunaswa papo hapo. Waliotengeneza wino wa masizi zamani walilijua tatizo hilo, ndiyo maana walitia gundi ya mti. Gundi ilikivika koti kila kipunje cha kaboni, vipunje visishikane tena, wino ukakaa bila kuganda. Vipunje vilivyovikwa hivyo hupenya mchangani kwa urahisi zaidi.

Ardhini mambo ni hayo hayo. Vumbi la makaa na moshi wa magari uliotua chini havihitaji gundi ya duka: majani yaliyooza hutoa asidi inayofanya kazi ile ile, na maji ya sabuni tunayomwaga uani huongezea.

Je, mchanga hunasa vipi? Wengi hudhani ni kama chujio la chai, kikubwa hubaki na kidogo hupita. Sivyo. Nafasi kati ya chembe za mchanga ni pana mno kwa vitu hivi. Kipunje hunaswa kikigusa chembe ya mchanga na kunata. Vidogo kabisa husukumwasukumwa na maji huku na huko hadi vikaigonga. Vikubwa huzama kwa uzito wao. Vinavyoponyoka zaidi ni vya katikati, vyenye upana wa karibu sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa bahati mbaya, huo ndio ukubwa wa bakteria wengi.

Kunata nako hutegemea umeme. Mchanga na vipunje kwa kawaida hubeba chaji ya aina moja, hivyo husukumana. Chumvi hupunguza msukumano huo, na maji ya chumvichumvi, ambayo wakazi wa Pwani wanayajua vyema, husaidia uchafu kunata. Mvua kubwa inaponyesha, maji yasiyo na chumvi hushuka, msukumano hurudi, na vilivyokuwa vimenaswa hung'oka na kuanza safari upya. Kwa hiyo kisima kilichokuwa salama Februari chaweza kuwa hatari Mei, ingawa maji yake bado yanang'aa.

Ukimeza makaa kidogo, hayo peke yake si ya kukutia hofu. Hatari ni abiria wake, kwani mafuta ya magari na baadhi ya dawa za kuua wadudu hung'ang'ania kaboni na kubebwa nayo. Tena virusi husafiri kwa kanuni zizo hizo. Kile cha polio kina upana wa takriban nanomita 30, na nanomita milioni moja ndizo hufanya milimita moja.

Kisiwani Mombasa hali ni mbaya zaidi, maana chini kuna mwamba wa matumbawe wenye nyufa, na maji yakipata ufa hayachujwi hata kidogo. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipofurisha vyoo vya shimo, kipindupindu kilienea sehemu nyingi za nchi.

Basi usichimbe kisima chini ya mita 30 kutoka choo cha shimo, na kiwe upande wa juu wa mteremko. Penye mwamba wenye nyufa hata mita hizo hazitoshi. Chemsha maji hadi yatokote vizuri, ukijua kwamba kuchemsha huua viini lakini hakuondoi mafuta wala dawa za wadudu. Chujio la makaa hupunguza harufu na baadhi ya kemikali, ila haliui viini. Ukitumia klorini pia, itie baada ya maji kupita kwenye makaa, si kabla, kwani makaa huifyonza yote.