Dondoo muhimu: Asili ya njia kwenye BGP

Ruta yako ya Cisco na ile ya Juniper zinatangaza anwani zilezile, lakini trafiki yote inaingilia Juniper? Kagua asili ya njia. Kwenye Cisco, amri ya "network" huweka alama ya i, yaani asili ya IGP. "Redistribute" huweka alama ya kuuliza, yaani asili isiyojulikana. Junos huweka i hata kwa njia tuli iliyotangazwa kupitia sera.

Kipaumbele cha ndani na urefu wa njia ya AS vikilingana, i hushinda kabla MED haijaangaliwa. Kuhangaika na MED hapo ni kupoteza usiku mzima.

Usiiachie ruta ikuamulie. Andika "set origin igp" kwenye route-map ya Cisco, na "then origin igp" kwenye sera ya Junos, kisha hakikisha kwenye ruta ya jirani anayepokea.